Samaki wa Amana

Kuna vitu viwili ambavyo mtu huweza kutiwa mkononi: zawadi na amana. Zawadi ni mali yako. Ukiiharibu, hasara ni yako na majuto ni yako. Amana ni mali ya mwingine. Ukiiharibu, hasara ni yake na aibu ni yako. Mimi niliwahi kupewa amana ndogo, samaki wanne tu katika tangi la kioo, nami nikaiharibu. Sikuiharibu kwa uzembe wala kwa uovu. Niliiharibu kwa wema. Kwa sababu hiyo nakusimulia habari yake, ewe msomaji kijana, maana juu ya uzembe na uovu umekwisha kuonywa mara nyingi, lakini labda hujaonywa bado juu ya wema usio na kipimo.

Nakaa Kisumu, katika nyumba iliyo juu ya mteremko, mahali ambapo Ziwa Victoria huonekana kwa mbali. Jirani yangu ni mama mmoja mwenye mtoto wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11. Mguu mmoja wa mtoto huyo ulikuwa umepinda tangu utotoni. Majirani tulichanga fedha, na mwisho ikapatikana nafasi ya kupasuliwa Nairobi. Mama na mwana walikuwa waondoke kwa majuma sita. Jioni ya safari mtoto alikuja mlangoni pangu akichechemea, akaniomba niwatunze samaki wake.

Tangi lile lilikuwa la lita 60 hivi, na ndani yake mlikuwa na samaki wanne wa dhahabu. Mkubwa wao hakupita urefu wa kidole changu cha kati. Mmoja alikuwa na baka jeupe mkiani, naye aliitwa Waziri kwa sababu, alisema mtoto, chakula kikiingia yeye huwatangulia wenzake wote. Maji yalikuwa meupe hata ungeweza kuhesabu changarawe za chini moja moja.

"Mwalimu," akaniambia, "wape chakula mara moja kwa siku. Kipimo chake ni kile kinachoshikwa na ncha za vidole viwili, na kiwe kimeisha kabla hujahesabu mia. Jumapili hawali. Tena tafadhali tangi lisikae juani."

Nikamwambia, "Nenda salama, mwanangu. Utawakuta wamenenepa."

Kumbuka neno hilo, msomaji, maana ndilo lililonishtaki baadaye.

Mara walipoondoka nilianza kuyafikiri maagizo yale, nikayaona ni ya kitoto. Kiumbe gani ahesabiwaye chakula kwa ncha za vidole? Tena Jumapili, siku ambayo kila nyumba hupika kitu kizuri, hao wafunge kwa kosa gani? Kila nilipopita karibu na tangi, Waziri alikuja mbele ya kioo akifungua kinywa na kukifumba kama aombaye. Moyo wangu haukuweza kuvumilia. Nikawapa chakula asubuhi, nikawapa mchana, nikawapa jioni, kila nilipokula mimi. Kisha nikaona chumba kina giza, nikalisogeza tangi hadi kwenye dirisha la mashariki, wapate jua la asubuhi. Nilijiona mlezi mwema kuliko mwenye mali.

Katika juma la pili maji yalianza kugeuka. Kwanza yalikuwa kama maji ambayo jani limekamuliwa ndani yake. Baada ya siku tatu yalikuwa kama mchuzi wa mchicha. Baada ya siku tano sikuweza kumwona samaki mpaka apite karibu kabisa na kioo, kama mtu atokaye katika ukungu. Asubuhi na mapema niliwakuta wote wamekuja juu, wanahema.

Nilikasirika, na hasira ni mshauri mbaya wa tiba. Nilimwaga maji yote. Nikasugua kioo na changarawe. Nikaitoa sifongo ya chujio, iliyokuwa nyeusi kwa uchafu, nikaikamua chini ya bomba mpaka ikawa kama mpya. Siku hiyo mfereji ulikatika kabla sijamaliza, nikajazia tangi kwa maji ya kisima kilichochimbwa karibu na vyoo na mabustani ya mtaa wetu. Jioni maji yaling'aa. Nilikaa mbele yake nikifurahi, na kwa furaha nikawaongezea samaki chakula.

Siku ya tatu maji yakawa na ukungu mweupe kama maji yaliyooshea mchele. Siku ya nne samaki mmoja alielea ubavu. Siku ya sita Waziri naye alikufa. Na juma lilipokwisha, kijani kikarudi, kizito kuliko cha kwanza.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilikuwa nimeichelea njaa ya samaki, na sasa nilisimama na maiti wawili kiganjani, nisijue la kufanya.

Nina rafiki afundishaye sayansi, naye hufuga samaki. Nilimpelekea maji yangu katika chupa mbili, moja ya tangi na moja ya kisima. Alitia matone ya dawa ya kupimia, na chupa zote mbili zikageuka buluu. Ya tangi ilikolea kama wino. Akasema kuwa buluu hiyo ni ushahidi wa fosfeti. Kisha akaniuliza kama karani wa duka: "Nipe hesabu yako. Katika tangi unatia nini?"

"Chakula," nikasema.

"Na unatoa nini?"

Nikanyamaza. Nikamwambia kuwa nilimwaga maji yote siku moja. Akatikisa kichwa. "Huko si kutoa. Huko ni kubomoa duka kwa sababu hesabu imekushinda."

Ndipo alipoanza kunifundisha, nami nakupa mafundisho yake kwa kadiri nilivyoyashika.

Kijani ulichokiona, alisema, si uchafu. Ni umati wa mimea midogo mno, jamaa ya mwani, ambayo kila mmoja ni seli moja tu isiyoonekana kwa jicho. Midogo hiyo hupenya katika sifongo bila taabu, na ikipata chakula na jua huongezeka upesi sana. Mchana hutoa oksijeni, lakini usiku huivuta pamoja na samaki; ndiyo maana samaki wako walihema alfajiri. Mimea hiyo ina mahitaji yale yale ya mahindi ya shambani: mwanga, hewa ya kaboni, naitrojeni na fosforasi. Kila mkulima wa Kenya anunuaye mbolea ya kupandia hununua fosfeti. Wewe uliwanunulia mwani mbolea, ukadhani umewanunulia samaki chakula.

Nikamwuliza kwa nini anaitaja fosfeti kuliko vingine. Akanieleza sheria iliyotangazwa na mtaalamu wa Ujerumani, Justus von Liebig, katika karne ya 19: kwamba mmea hauongozwi na kile kilicho kingi, bali na kile kilicho haba. Mpishi mwenye gunia la unga na kijiko kimoja cha chumvi hupika kwa kadiri ya chumvi yake. Katika maji mengi yasiyo ya chumvi, kilicho haba ni fosforasi. Kaboni huingia na kutoka pamoja na hewa. Hata naitrojeni huweza kugeuzwa na bakteria ikawa hewa ikaenda zake. Lakini fosforasi haina mbawa. Iliyoingia kwa mkono haitoki mpaka itolewe kwa mkono.

"Sasa tufanye hesabu," alisema. "Chakula kikavu cha samaki aghalabu kina fosforasi kiasi cha asilimia moja, kwa maana hutengenezwa kwa samaki waliosagwa pamoja na mifupa. Gramu moja ya chakula, basi, ina miligramu 10 za fosforasi, nazo zikigeuka zote kuwa fosfeti hupata miligramu 30. Zigawe kwa lita 60: unapata nusu miligramu katika kila lita, kwa gramu moja tu. Ziwani, sehemu chache za mia za miligramu ya fosforasi katika lita moja hutosha kuyageuza maji kuwa ya kijani. Wewe umetia gramu ngapi?"

Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilikuwa nimejaza pishi.

Kuhusu njaa ya Waziri alinieleza jambo lililoniumiza zaidi. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuwekea akiba kama letu. Chakula hupita moja kwa moja katika utumbo wake. Kwa hiyo huonekana ana njaa saa zote, na kinywa chake si shahidi wa kutegemewa. Kile asichokila huoza chini, na kile alacho kingi hutoka karibu kama kilivyoingia.

Na kifo kilitoka wapi? Kilitoka katika usafi wangu. Ndani ya sifongo ile nyeusi mlikuwa na bakteria wema, ambao kazi yao ni kuigeuza amonia, sumu itokayo katika kinyesi na chakula kilichooza, iwe kitu kisicho na madhara makubwa. Mimi niliwakamua chini ya bomba lenye klorini, dawa iwekwayo majini makusudi iue bakteria. Siku ile ile nikaongeza chakula. Amonia ikapanda, wala hapakuwa na wa kuizuia.

Kisha akanisimulia habari ya ziwa moja dogo katika jimbo la Ontario, Kanada, liitwalo Ziwa 226. Mwaka 1973 wataalamu, mmoja wao akiwa David Schindler, waliligawa ziwa hilo sehemu mbili kwa pazia kubwa lisilopitisha maji. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia kaboni na naitrojeni ile ile, wakaongeza fosforasi. Upande wa kwanza ulikaa kama ulivyokuwa. Upande wa fosforasi ukageuka kijani, hata kutoka angani tofauti ilionekana kama mpaka uliochorwa kwa kalamu. Kabla ya hapo watu walibishana sana juu ya kinachoharibu maziwa. Pazia lile liliwapa jibu la wazi.

Nilirudi nyumbani na maagizo, nayo karibu yote yalikuwa maagizo ya mtoto yaliyoongezewa sababu. Nililiondoa tangi dirishani. Nilizuia chakula siku mbili. Kwa mpira mwembamba nilinyonya matope yaliyokaa kati ya changarawe, maana hapo ndipo ghala ya fosfeti ilipo. Nilibadili robo ya maji tu, kwa maji ya bomba yaliyokaa katika ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Kisima sikukigusa tena. Kubadilisha maji kwa maji yenye fosfeti ni kulipa deni kwa kukopa. Sifongo niliisuuza katika maji yale yale yaliyotoka tangini, isije ikapoteza bakteria wake.

Baadaye nililifunika tangi kwa blanketi siku nne mchana na usiku, huku pampu ya hewa ikifanya kazi bila kukoma. Mwani usio na mwanga hufa. Lakini rafiki yangu alinionya: mwani ukifa huvuta oksijeni katika kuoza kwake, na fosfeti iliyokuwa mwilini mwake hurudi majini. Aliyeua mwani asiondoe maji amebadili sura ya deni, hakulilipa. Kwa hiyo siku ya tano nilitoa nusu ya maji, na baada ya hapo robo kila juma. Nilipanda pia mmea wa majini wenye majani membamba kama sindano, ambao hukua upesi na kuwanyang'anya mwani chakula chao. Kila juma huupunguza na kuyafukia mabaki bustanini. Ninapoung'oa, naitoa fosfeti kwa mkono wangu.

Nilimwuliza juu ya dawa. Alisema zipo: punje za kutu ya chuma zinazoshika fosfeti, na taa za miale ya urujuani zinazoua mwani upitao mbele yake. Hata shabu, jiwe lile jeupe ambalo watu husafishia maji ya tope, huishika fosfeti ikazama. Lakini hutia maji ukali, na katika tangi dogo mkono usio na ujuzi huua samaki kabla ya mwani. "Kwanza ufunge mlango," alisema, "ndipo umtafute mwizi."

Mwisho wa juma la tano changarawe zilionekana tena. Samaki wawili walikuwa hai.

Hapo nilipata jaribu, msomaji, nami sitakuficha. Mjini lipo duka liuzalo samaki wa dhahabu. Nilikwenda. Niliwaona wawili wa ukubwa uleule, na mmoja, amini usiamini, alikuwa na weupe mkiani. Bei ilikuwa ndogo. Fedha nilikuwa nazo mkononi. Mtoto ametoka kupasuliwa, nikajiambia. Yafaa nini kumhuzunisha? Huu si uongo, huu ni wema. Nilipolisikia neno hilo la wema likipita moyoni, nilishtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Ni wema uleule uliolijaza tangi. Ulikuwa umebadili nguo tu. Nikaitia fedha mfukoni, nikarudi mikono mitupu.

Walirejea siku ya Jumamosi. Mtoto alikuwa na gongo, mguu umefungwa, uso umekonda. Hakuuliza habari za mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo akahesabu. Akahesabu tena.

Nikamwambia, "Mwanangu, wawili wamekufa, na Waziri ni mmoja wao. Si ugonjwa uliowaua. Ni mimi."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, ulikuwa unawapa mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ulidhani nawanyima?"

Nimefundisha miaka mingi na kuulizwa maswali mengi, lakini hakuna lililonikata kama hilo. Nikamjibu, "Ndiyo. Nilidhani hivyo. Nisamehe."

Mtoto aliutazama mguu wake. "Mimi nako hospitali walininyima," akasema. "Usiku wa kuamkia kupasuliwa sikupewa chakula, na asubuhi hata maji. Nilimlilia mama. Alikaa nami usiku kucha akalia pamoja nami, lakini hakunipa."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Nikajua kuwa katika chumba kile palikuwa na mtu mmoja aliyejua kupenda kwa kipimo, na hakuwa mimi.

Siku hizi nikiteremka pwani ya Dunga, siitazami Ghuba ya Winam kama nilivyoitazama zamani. Kuna majira maji yake huwa mazito ya kijani kama rangi iliyomwagwa. Mwani mwingine wa namna ile huwa na sumu, na wavuvi hutoka mbali zaidi kutafuta maji safi. Zamani nilisema, "Ziwa limechafuka," kama vile lilijichafua lenyewe. Sasa naulizia hesabu. Mto Nyando na Mto Sondu huleta udongo na mbolea ya mashamba. Miji huleta maji ya vyoo na mifereji. Ghuba haina kina kirefu, na mlango wake wa kutokea ziwani ni mwembamba. Ni tangi la kioo lisilo na kioo. Na fosforasi, kumbuka, haina mbawa.

Lakini hesabu iliyoharibika huweza kutengenezwa. Katika mji wa Seattle, Marekani, Ziwa Washington lilikuwa limegeuka kijani kwa maji machafu ya mji. Kati ya mwaka 1963 na 1968 wenyeji waliyageuzia maji hayo njia nyingine, na miaka michache baadaye ziwa likang'aa tena. Hawakuliosha ziwa. Waliacha kulilisha.

Basi wewe uliye na tangi, au bwawa, au shamba ukingoni mwa mto, usishindane na kijani kabla hujaiuliza mikono yako. Uliza: natia nini, na natoa nini? Mwenye shamba aliyepanda nyasi ukingoni na kuweka mbolea kwa kipimo amelifanyia ziwa wema kuliko anayelililia mwaka mzima. Na katika mambo mengine ya maisha, ukimpenda mtu, jifunze kipimo chake kwa wale wamjuao, hata kama ajuaye ni mtoto na wewe una mvi.

Mwaka uliofuata mtoto alitakiwa kurudi Nairobi ili daktari autazame mguu. Jioni ya safari nilisikia hodi. Alikuwa amesimama wima mlangoni bila gongo, na kopo la chakula mkononi.

"Mwalimu," akasema, "mara moja kwa siku."

"Na Jumapili hawali," nikajibu.

Akanikabidhi kopo.